Kioo Katikati ya Jaji na Wageni Wake

4 Machi

Mpwa wangu, daktari wa samaki,

Mimi huku sina hata chafya. Afya yangu ni ile ile ya fundi vioo aliyebeba dirisha la duka peke yake siku ya dhoruba, upepo ukamnyanyua juu ya mapaa matatu, akatua kwa mguu mmoja na kioo hakina hata ufa. Hiyo umeshaisikia, sirudii. Wasiwasi wangu ni kwenu: wewe na mabwawa yako, na Dada, mama yako, na nyonga yake mpya. Mwambie asiwe na haraka ya kutupa magongo. Chuma kikiingia mwilini lazima kwanza kizoeane na wenyeji.

Sasa sikiliza, na barua hii usimsomee mama yako.

Tangu Dada aende huko kwako kupasuliwa, kazi ya kumtunza samaki wake Jaji ni yangu, na zahanati nzima ya watoto inajua. Kila asubuhi kabla sijafungua karakana napita pale chumba cha kusubiri, namlisha, nafuta vioo vya tangi. Lakini samaki wa mama yako amenuna. Ameuelekea ukuta wiki ya tatu sasa, watoto wanaona mkia tu. Mmoja alimuuliza mama yake kama yule samaki ameadhibiwa.

Juzi matroni mpya aliniita. Mwanamke ana sauti kama mkasi. "Fundi," akasema, "tangi hili ni refu kuliko kitanda changu, na ndani yake kuna samaki mmoja aliyenipa mgongo. Mafaili ya wagonjwa yako sakafuni. Ikifika mwisho wa Juni halina samaki wa kuwatuliza watoto, linatoka, naweka makabati." Nikamwambia, "Matroni, unaongea na mtu aliyekutana na mamba kwenye daraja jembamba, na aliyerudi nyuma alikuwa mamba." Akaniuliza kama huyo mamba anajua kupanga mafaili.

Basi nimemtafutia Jaji wenzake. Kumi na wawili, kila mmoja kama kidole, wana mistari ya buluu na wekundu kwenye mkia. Niliwatia jana. Jaji aligeuka papo hapo, macho yakamng'aa, akawa anazunguka nao tangi zima kama bwana harusi. Watoto walipiga makofi. Leo asubuhi nimewaona wanne tu, wengine ni waoga, watakuwa wamejificha nyuma ya mawe.

Mwambie Dada mambo ni shwari.

Mjomba wako,
fundi vioo, na sasa fundi samaki


13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hawajajificha. Mtazame Jaji tumbo.

Ukisoma barua hii hata wale wanne watakuwa wameshafuata wenzao, kwa hiyo sikulaumu, nakueleza. Jaji si mkatili. Samaki mkubwa kama yule hana jicho la chuki, ana jicho la kipimo. Kinachoingia mdomoni ni chakula, kisichoingia ni jirani. Wale wadogo hukumpelekea wenzake, ulimpakulia. Ndiyo maana aling'aa macho.

Kabla hujamtafutia mwingine yeyote, pima mdomo wake ukiwa wazi, pima na urefu wa tangi, kisha niandikie. Na mgeni yeyote akae kwanza wiki tatu kwenye pipa lake peke yake, maana samaki anaweza kuja na ugonjwa usioonekana. Usimtie mtu humo kabla sijajibu.

Mama anajifunza kutembea akishika ukingo wa meza. Kila asubuhi swali la kwanza ni Jaji, la pili ni chai. Nimemwambia Jaji amepata wageni. Sikumwambia wageni wamekwenda wapi.

Mpwa wako wa mabwawani


21 Machi

Mpwa wangu,

Wale kumi na wawili wamesafiri. Yamepita, tusifukue.

Umenifundisha jambo na nimelishika, unajua mimi shule niliiachia darasa la sita, lakini kichwa hakikuachia hapo. Umesema mwenzake asiingie mdomoni. Nikakaa karakanani, nikafikiri mpaka gundi ikakauka kwenye kopo. Nani hawezi kuingia mdomoni mwa Jaji? Nikajijibu: mtu wa ukubwa wa Jaji mwenyewe. Na huyo nitampata wapi? Nikainua macho, nikamwona.

Nimemkatia kioo cha kujitazamia, kizima, cha ukuta wote wa nyuma ya tangi. Kingo nimezisugua mpaka mtoto anaweza kuzilamba. Kesho Jumamosi nakifunga. Fikiria mwenyewe: mwenzake asiyemezwa, asiyechafua maji, asiyetaka karantini wala chakula. Jaji akiangalia ukuta atakutana na sura yake, atageuka kwa aibu, na watoto wataona samaki wawili kwa gharama ya mmoja. Matroni akihesabu atahesabu wawili. Kazi kama hii hata hoteli kubwa hawana.

Nasikitika tu kwamba Dada hayupo kuona.

Mjomba wako,
aliyempa Jaji ndugu


28 Machi

Mjomba,

Usikifunge. Kama umekifunga, kifungue kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Jaji hajui kujitazama. Ataona dume la ukubwa wake limeingia uani kwake bila hodi. Atamfukuza. Na yule wa kwenye kioo hakimbii, hachoki, hakubali kushindwa, kila akipigwa anarudisha pale pale. Jaji atapigana mpaka yeye ndiye aanguke.

Nijibu haraka.

Mpwa wako


5 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Jaji mzima. Anapumua vizuri kabisa, pande zote mbili.

Kioo nilikitoa, usihangaike, kilikaa siku chache tu, tuseme kumi na moja, barua yako ilichelewa njiani.

Nina maswali kidogo, si yangu, ni ya rafiki yangu mmoja fundi mabomba ambaye naye anafuga. Samaki akichubuka pua, inaota tena? Na jicho moja likiwa na ukungu kama kioo cha bafuni, linasafika lenyewe au linafutwa? Na akikataa kula siku nne, hiyo ni hasira au ni jambo jingine? Ana haraka kidogo huyo rafiki yangu.

Matroni amekuja na futi, amepima ukuta. Aliandika namba kwenye kiganja.

Msalimie Dada. Mwambie Jaji anamkumbuka.

Mjomba


14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mwambie rafiki yako fundi mabomba hivi: abadilishe robo ya maji kila siku ya tatu, maji mapya yawe na uvuguvugu ule ule wa ya zamani. Jicho asiliguse. Pua itaota. Asimlazimishe kula. Ageuze mawe yawe na kona moja yenye kivuli, amwache humo anuse amani. Na amwambie mjomba wangu kwamba nimelia.

Sasa nisikilize. Mimi ni mmoja wa watoto waliotulizwa na tangi lile, ingawa nilikuwa mkubwa wa kuona aibu. Miaka tisa Mama amekuwa akiwaambia watoto, "Mtazame Jaji, hesabu madoa yake mekundu," na kabla hawajafika saba sindano imeshatoka. Alimleta pale akiwa mdogo kama kucha, ndani ya chupa ya jamu. Jana alivuka chumba kizima kwa gongo moja, akaketi kitandani anahema, akaniambia, "Juni nitarudi kazini. Sitaki Jaji anione na magongo mawili." Mimi nikageukia dirisha.

Nimeamua. Mama anarudi tarehe 26 Juni na gari letu la mabwawa. Nitaweka nyuma lile tanki tunalobebea samaki wazazi. Kama Jaji hajatulia na hana wenzake wa kweli, dereva atampakia, atakuja kuishi huku kwangu, na Matroni apate makabati yake. Mama atakuta ukuta wa mafaili, na atakayemweleza sababu ni mimi.

Mjomba, wewe umemdanganya kila mtu katika ukoo huu. Umemdanganya hata mamba. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema umekata kioo kikapwaya dirishani. Niandikie barua moja tu kama unavyopima dirisha.

Mpwa wako


24 Aprili

Mpwa wangu,

Tangi ndani: urefu sentimita 240, upana 75, kimo 70.

Jaji: urefu 34. Nilibandika ukanda wa kioo wenye alama nje ya tangi, nikasubiri apite sambamba nao. Nilirudia mara tano. Mdomo ukiwa wazi: 6. Nilimpima siku alipopiga miayo, na tena jana alipokula.

Ndiyo, jana alikula. Minyoo saba. Siku ya ishirini na mbili tangu agome kula.

Pua: kidonda kilikuwa upana wa punje ya mahindi. Sasa ni punje ya mchele. Jicho la kushoto lina ukungu robo. La kulia safi.

Fundi mabomba hana samaki.

Siku zile kumi na moja nilimwona anakigonga kile kioo na nikawaambia watoto anacheza. Siku ya sita niliona damu kidogo, nikaifuta kwa nje kama mjinga. Sikukitoa kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia Matroni ni ubunifu wangu.

Swali, na hili ni langu. Nikikata kioo cheupe cha dirisha, unene milimita 10, kikagawa tangi theluthi kwa theluthi mbili, nikakitoboa matundu ya sentimita moja ili maji yapite, kingo nimezisugua: wageni wakikaa upande mmoja na Jaji upande mwingine, wanaonana lakini hawagusani, itasaidia au nitakuwa nimerudia ujinga wangu?

Na wageni wawe akina nani? Chagua wewe.

Mjomba


2 Mei

Mjomba wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu kutafuta mamba. Hayumo. Nimeamini kila namba.

Kioo chako cha kugawa si ujinga, ni jambo ambalo sisi huku tunalifanya kwa wavu, na wavu huchuna magamba. Chako ni bora. Tofauti yake na kile cha kwanza ni moja: upande wa pili kutakuwa na mtu kweli, mwenye kuchoka, kuogopa na kuangalia pembeni. Huyo anaweza kuzoeleka.

Wageni ni hawa. Watano wale bapa wa rangi ya fedha, walio mviringo kama sahani. Si wagomvi, wanapenda kwenda kwa kundi, ndiyo maana nasema watano na si wawili. Kimo cha mwili wao kisipungue sentimita 10, na mdomo wa Jaji ni 6, hesabu unaijua. Usichukue wadogo ukisema watakua. Watakua tumboni. Wa sita ni kambare yule mwenye magamba magumu kama ngao, anayelamba vioo. Awe mrefu kama mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole. Yeye anakaa chini, Jaji anakaa katikati, wale wa fedha wanazunguka juu, kila mtu na ghorofa yake. Usilete dume jingine la aina ya Jaji, wala mwenye hasira kama yake, wala mwoga mwenye mapezi marefu ya kudonolewa.

Wiki tatu kwenye mapipa. Wiki mbili nyuma ya kioo. Siku ya kukitoa, mshibishe Jaji kwanza, halafu panga upya mawe yote, hata lile analolipenda. Asimkute mtu yeyote kwenye nyumba aliyoizoea. Wote waamke wakiwa wageni.

Usipime kwa jicho.

Mpwa wako anayekuheshimu


14 Juni, Jumamosi

Mpwa wangu, daktari mkuu,

Niache kidogo nipumue kama zamani, maana namba zimenibana kifua.

Mwenye duka la samaki alinikimbia. Nilimwendea na futi, nikapima kila mmoja kupitia kioo cha duka lake, nikakataa kumi na tisa. Akasema, "Mzee, unanunua samaki au unashona suruali?" Nikamjibu nashona amani. Nikaondoka na watano wa fedha, mfupi wao ana kimo 11, na mlamba vioo wa sentimita 42 ambaye aliangusha kifuniko cha pipa kwa mkia mara mbili. Mara ya tatu alikirudisha mwenyewe. Sawa, hiyo ya kurudisha iache.

Walikaa mapipani siku ishirini na moja karakanani kwangu. Hakuna aliyeugua. Kioo cheupe nilikikata kwa pigo moja, matundu arobaini na manane, hakuna hata moja lililochanika. Nilikiingiza tarehe 31 Mei. Jaji alikijia mbio siku ya kwanza, akasimama upana wa kiganja kutoka kwenye kioo. Hakugonga. Pua imemfundisha. Wale wa fedha walijibana kona moja kama wateja kwenye mvua. Siku ya nne walianza kuzunguka. Siku ya tisa Jaji alilala, nasema alilala, ameegemea kioo, na yule mlamba vioo alikuwa upande wa pili analamba pale pale.

Jaji hauelekei ukuta tena. Mtoto mmoja aliuliza kama adhabu imeisha.

Matroni ameniambia seremala anakuja tarehe 30 kuchukua vipimo vya mwisho. Nikamwambia, "Mambo yakiharibika, makabati nitayatengeneza mimi, bure, milango ya vioo ya kusukuma." Akaandika. Huyu mwanamke huandika kila kitu.

Kesho Jumapili zahanati imefungwa. Nakitoa kioo. Nitakaa pale na kiti, na hicho kioo mkononi, tayari kukirudisha.

Mjomba wako


22 Juni

Mjomba,

Sijapata neno tangu barua yako ya Jumamosi ile, na mtu anayeitwa mjomba wangu hanyamazi wiki nzima kwa wema.

Gari linaondoka Alhamisi alfajiri. Mama yuko tayari, ana gongo moja. Tanki tupu liko nyuma, nimelijaza nusu maji ya bwawa. Dereva nimemwagiza: akiona jeraha jipya hata moja kwa Jaji au kwa mwenzake yeyote, ampakie, asisikilize hadithi.

Hasira sina. Nataka tu kujua.

Mpwa wako


28 Juni

Mpwa wangu, na wote watakaosomewa barua hii huko mabwawani,

Kwanza samahani kwa kimya. Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kizuri mno, nikajua hutaamini. Nikasema acha aje shahidi asiyejua kudanganya.

Jumapili ile nilimshibisha Jaji mpaka akatema. Nikahamisha mawe yote ishirini na sita, lile lake nikalilaza upande mwingine kabisa. Nikakivuta kioo juu, polepole, kama mtu anayefunua chungu. Jaji akaja. Wale watano wakafunguka njia, akapita katikati yao. Akageuka, akapita tena. Akamfukuza mmoja hatua mbili, kwa heshima ya cheo chake tu, kisha akaanza kutafuta jiwe lake, hakuliona, nao hawakuwa na lao, wakawa wote wanatafuta nyumba. Nilikaa na kile kioo mapajani kwa muda wa saa saba. Sikukirudisha. Miguu ilikufa ganzi, nilitoka pale natembea kama Dada.

Leo ni siku ya kumi na nne. Pezi halijachanika hata moja. Matroni juzi alisimama mbele ya tangi, akasahau alichokuwa anakwenda kufanya. Akaniambia, "Fundi, makabati yatakaa korido. Lakini ile milango ya vioo nimeshaiandika." Nitamtengenezea. Nimeshapima.

Dereva wako naye alizunguka tangi na tochi kama mkaguzi, akapiga magoti, akatafuta jeraha. Akainuka akasema, "Sasa mimi nabeba nini kurudi?" Nimempa cha kubeba. Ndani ya tanki lenu, baada ya kumwaga maji, kimefungwa kwenye blanketi, kuna kioo cheupe chenye matundu arobaini na manane. Tupeni nyavu zenu.

Na mwambie mkuu wako wa kazi kwamba watu wanatoka miji mitatu kuja kutazama, na kuna mamba mmoja alisimama mlangoni akaomba nafasi. Nikampima mdomo, nikamkatalia.

Mjomba wako,
fundi vioo, mpatanishi wa samaki


Binti yangu,

Ndugu yangu ameniachia nafasi chini ya karatasi, kwa hiyo nasahihisha. Mamba ni uongo, na miji mitatu ni mama mmoja wa mtaa wa pili. Mengine yote ni kweli. Mawe nimeyahesabu, ni ishirini na sita. Pua ya Jaji ina kovu dogo, nami nilijua nitalikuta, kwa sababu barua za mjomba wako ulizokuwa unazificha kwenye kabati la unga nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, nikifanya mazoezi ya kusimama. Usimwambie. Ile ya tarehe 24 Aprili nimebaki nayo.

Jaji aliponiona alinitazama, akageuka, akaenda kula. Kwa Jaji hiyo ni salamu ndefu.

Matroni alisema nipumzike hadi wiki ijayo. Nikamwomba sindano moja tu. Akaletwa msichana wa miaka minne, amekaza shingo, mdomo uko tayari kulia. Nikaegemeza gongo ukutani, nikamwambia ahesabu samaki, wako saba. Alianza na Jaji. Akahesabu wale wa fedha, wakamchanganya, akaanza upya, akafika sita. Alikuwa bado amebandika paji kwenye kioo anamtafuta yule wa chini wakati mimi nimeshamwekea pamba.

Mama yako